Siku Nilipoifunga Hamira kwa Kizibo

Kuna watu hapa Nakuru, wachache waliobaki, ambao hata leo wakiniona nikipita hawaniiti Daktari, wananiita Busaa, na nikigeuka (bado nageuka, siwezi kujizuia) wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi busaa, ile pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, sijawahi kuionja hata kijiko. Nimelelewa katika nyumba ya kanisa, baba mtu wa reli na mama kiongozi wa akina mama wa Alhamisi, nyumba ambayo hata soda ilitazamwa kwa shaka kwa sababu inatoa povu. Lakini jina hilo nililipata mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na afadhali mlisikie kwangu, maana wengine watawaambia nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa mwoga tu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Nilikuwa nimerudi kutoka India na digrii ya udaktari, si udaktari wa sindano, ule wa vitabu, na kitu nilichokisomea muda wote huo ni hamira. Ndiyo, hamira, hii ya kuumua unga. Mama aliwaambia majirani kwamba nimesomea magonjwa, kwa sababu hakuona angeanzaje kumweleza mtu kwamba kijana wake amevuka bahari kwenda kutazama kitu cha mandazi kwa darubini. Na nchi yenyewe wakati huo haikuwa na mahali pa kumweka Mwafrika wa namna yangu. Maabara zilikuwepo, za ngano na za ng'ombe, lakini nafasi zake hazikuwa zetu, isipokuwa ile ya kuosha chupa. Basi nikapewa darasa katika shule moja kule Bahati, juu nje ya mji, nifundishe usafi wa mwili na sehemu za ua.

Sasa mwelewe jambo moja, ndipo mjue kwa nini niliogopa vile. Katika kazi yetu ukimaliza udaktari ndiyo kwanza unaanza. Lazima upate nafasi katika maabara ya profesa fulani chuoni, ukae naye mwaka au miwili ukifanya uchunguzi wako mwenyewe, uonekane, ujulikane, na usipoipata mapema basi elimu yako inalala kama uji uliosahauliwa, juu unaota ngozi. Mimi nilishaanza kuota ngozi. Usiku nilikuwa nawatunza wadudu wangu katika chupa za dawa chini ya kitanda, hamira nilizozitoa katika busaa ya shangazi yangu Peninah, dada ya baba, ambaye alikuwa akipika nyuma ya nyumba yake bila ruhusa ya serikali na bila habari ya mama. Hamira za busaa yetu hakuna chuo kilichokuwa kimezichunguza vizuri. Niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba mle ndani mlikuwa na jambo.

Ndipo nikapata habari kwamba Profesa Winslade, mama mmoja wa chuo kikuu cha Uingereza, anakuja Nakuru kutazama maji ya ziwa letu la magadi, na kwamba maabara yake ina nafasi moja ya mtu aliyemaliza udaktari. Mwalimu wangu wa India alikuwa amemtajia jina langu. Profesa akaniita nimwone Alhamisi asubuhi katika hoteli kubwa ya mjini, na akasema nikiwa na sampuli zilizo hai, nije nazo.

Nafasi moja. Wiki nzima sikula vizuri. Nilikuwa nafundisha sehemu za ua huku nikijihoji mwenyewe kwa Kiingereza kimoyomoyo, na siku moja nikamjibu mwanafunzi aliyeomba kwenda msalani kwamba inategemea kiwango cha joto.

Asubuhi ya Alhamisi nikaandaa chupa mbili. Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, mdogo sana, ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshindwa mtihani kwa ajili yake. Hamira iliyo hai inapumua, inatoa hewa, kwa hiyo chupa yake huzibwa kwa pamba ili ile hewa itoke. Hilo nimefundishwa, nimeliandika, nimeulizwa na wazee watatu wenye ndevu nikalijibu bila kusita. Lakini pamba inapitisha pia harufu, na harufu yenyewe ilikuwa ya busaa, na barabara ya kutoka Bahati ilikuwa na askari wa kukagua, na mtu kukamatwa na pombe ya magendo siku ya kuonana na profesa, hapana. Nikatafuta vizibo vya kukaza. Nikavikaza kwa waya. Nikajiambia ni hapa mpaka mjini tu. Halafu, kwa sababu nilitaka wachangamke, profesa akiwatazama aone wanavyochipua, nikawaongezea sukari. Halafu, kwa sababu Bahati asubuhi ni baridi kali na baridi inawalaza, nikazitia chupa katika mifuko ya ndani ya koti langu zito, moja kulia, moja kushoto, nikawaatamia kama kuku. Nikapanda baiskeli.

Askari hawakunusa kitu. Walitazama kipande changu, kile kitambulisho tulicholazimishwa kubeba Waafrika, wakaniambia nipite, na nikateremka kuelekea mjini jua likipanda mgongoni, najisifu kwa akili zangu.

Ningekwenda moja kwa moja hotelini mambo yangeharibika hotelini tu. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama nitapita kanisani, kanisa letu dogo la mabati karibu na nyumba za reli, akina mama waniombee. Alikuwa amewaandaa. Nilipofika nikawakuta wote ndani na vitambaa vyao vyeupe, na Mchungaji Ezra mwenyewe, ambaye kwa kawaida Alhamisi huwa shambani kwake.

"Njoo katikati, mwanangu," akasema Mchungaji. "Hatutakuchelewesha."

Wakanizunguka. Mama akasimama nyuma yangu, kiganja chake mgongoni kwangu. Mchungaji akaniwekea mkono mmoja begani na mwingine kifuani, juu kabisa ya chupa ya kushoto, akafumba macho, akaanza na Ibrahimu.

Wanaomjua Mchungaji Ezra wanajua maana yake. Akianza na Ibrahimu atapita kwa Isaka, atakaa kwa Yakobo, atashuka Misri na Yusufu na kule Misri hana haraka. Na mimi nikiwa nimefumba macho nikasikia sauti chini ya kidevu changu. Sss. Nyembamba, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikajua papo hapo ni nini. Hakuna mtu kanisani mle, pengine hakuna mtu Nakuru nzima, aliyeijua sauti ile vizuri kama mimi, na elimu yangu yote ikanisaidia kitu kimoja tu, kuhesabu: sukari nimetia nyingi, joto la mwili, joto la jua, mtikisiko wa baiskeli, na sasa mkono wa Mchungaji unakandamiza. Nikatamani kuutoa ule mkono, lakini utamtoaje mchungaji mkono akiwa kwa Yusufu? Jasho likanitoka. Mama mmoja pembeni akaliona akasema polepole, "Roho anashuka." Nami nikaomba maombi yangu mwenyewe, mafupi, kwamba Bwana amtoe Yusufu gerezani upesi.

Hakumtoa. Waya ukaachia, kizibo kikatoka juu ya kola kikanipita puani kikagonga bati juu, paa! na ndani ya kanisa la mabati sauti ile ilikuwa bunduki, si kitu kingine. Kumbukeni ni Imajensi. Akina mama wote wakalala chini. Mchungaji, sitasema alikimbia, lakini nilipofungua macho alikuwa nyuma ya mimbari. Nilibaki nimesimama peke yangu katikati, na povu la kahawia linanichuruzika shingoni, linashuka shatini, linalowesha suruali, linadondoka sakafuni, na halikuwa na dalili ya kukoma.

Kisha wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijipapasa kuona kama wamepigwa risasi, na ile harufu ikawafikia. Mama Dorika, msaidizi wa mama, ambaye kabla ya kuokoka alikuwa na historia yake, akavuta pumzi mara mbili.

"Hiyo ni busaa," akasema. "Tena imeiva."

Mchungaji akaitazama mikono yake. Ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniua, "hii ni nini?"

Nikasema ni hamira. Nikasema ni ya uchunguzi. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba chupa ziko mbili. Na nilipotaja ya pili nikaikumbuka, nikaushika mfuko wa kulia kwa mikono yote miwili kama mtu aliyechomwa, na akina mama wakarudi nyuma hatua. Nikamtazama mama. Alikuwa amekishika kile kitambaa chake cheupe akikikunja, akikikunja tena, na macho yake yalikuwa sakafuni. Ningebaki nieleze. Ningemtoa mama katika ile aibu kwa maneno machache tu ya kueleweka. Badala yake nikasema nimechelewa, nitaeleza nikirudi, nikatoka mbio, nikamwacha amesimama peke yake juu ya lile dimbwi.

Nilifika hotelini nikiwa nimekauka nusu, yaani nanata. Mwafrika wakati huo hakuingia kwa mlango wa mbele, kwa hiyo nikazunguka nyuma, upande wa jikoni, na pale nikamkuta bawabu, mtu mzima mrefu aliyeitwa Kiptoo, amevaa koti la jeshi lenye vifungo vinavyong'aa. Alinitazama toka mbali, akavuta pumzi, akatikisa kichwa.

"Saa hizi?" akasema. "Hata chai hawajamaliza."

"Sijalewa, mzee. Nina miadi na Profesa Winslade."

"Na mimi nina miadi na Gavana. Rudi nyumbani ulale, kijana. Watakuona wazungu wakupeleke ndani."

"Mimi ni daktari," nikasema.

"Naona."

Nikamsihi. Akaniambia, kama sijalewa nitembee juu ya ule mstari wa matofali kando ya bustani ya mboga. Nikatembea. Lakini nilikuwa nakumbatia mfuko wa kulia, na ndani ya mfuko sauti ilikuwa imeanza, ile ile, sss, na mtu anayesikiliza mfuko wake hawezi kutembea sawa. Tofali la nne nikaanguka katika kabichi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale mboga zilipo aliposimama mbele yangu mama wa Kizungu, mrefu, mwenye mvi, amevaa viatu vya mtu wa kuingia topeni. Kumbe alikuwa amechoka kungoja mbele, akaambiwa kama mgeni wake ni Mwafrika basi amtafute nyuma. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye Daktari Wekesa. Nikasema ndimi. Kiptoo akatutazama mmoja mmoja, akavua kofia, sijui alimvulia nani.

Hoteli ilikataa niingie, na kusema kweli siku hiyo hata mimi ningekataa. Profesa akabeba viti viwili mwenyewe, akaviweka uani kati ya kamba za kuanikia, mashuka ya hoteli yakipepea huku na huku meupe pepepe, na hapo ndipo nilipohojiwa juu ya maisha yangu yote. Hakuuliza kuhusu harufu. Aliuliza kuhusu kimea, kuhusu sukari, kuhusu jinsi nilivyozitenga hamira moja moja, na kwa muda fulani, wenzangu, nilijibu vizuri. Nilijisikia mtu tena. Aliniambia, polepole kama mtu anayejisemea, kwamba kazi yangu inamvutia. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo tangu nirudi.

"Na sampuli?" akauliza. "Ulikuja nayo?"

Nikaitoa. Kizibo kilikuwa kimevimba juu kama jicho la chura na waya umezama ndani yake. Nikamwomba asogee mbali kidogo, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa sayansi, akasogea karibu. Basi nikaogopa kumlipukia usoni, nikageuza chupa upande wa pili, nikaulegeza waya.

Mashuka matano. Sikuyahesabu mimi, aliyahesabu meneja, ambaye alitoka jikoni akipiga kelele huku madoa ya kahawia yakiteremka taratibu juu ya vile vitambaa vya wageni. Alikuwa akiuliza nani alimruhusu huyu, na Kiptoo alikuwa akitazama mbinguni. Profesa Winslade akasimama.

"Ni jaribio langu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyemwambia afungue."

Meneja akaondoka akinung'unika. Profesa akaketi, akaichukua ile chupa, akaitazama juani. Chini yalikuwa yamebaki matone machache. Kisha akaniuliza swali la mwisho, bila ukali.

"Kwa nini uliifunga?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia niliogopa watu watanusa.

"Basi unajua kila kitu kuhusu hamira," akasema, "isipokuwa kwamba iko hai."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani, mengine na watu wenye bunduki, na hakuna lililoniingia kama hilo.

Jioni nikarudi nyumba za reli, kwa wazazi. Habari ilikuwa imenitangulia na imenenepa njiani: nilikuwa nimeingia kanisani nimelewa, nimevunja chupa juu ya Mchungaji, nimelala katika bustani ya Wazungu. Mama alikuwa amekaa jikoni. Akaniuliza kama nimekula. Akalichukua lile koti bila kuniangalia, akalitia katika karai, akaanza kulifua, na kwa kuutazama mgongo wake nikajua kuna jambo. Baba ndiye aliyenieleza: wazee wa kanisa wamemwambia apumzike uongozi wa akina mama mpaka Jumapili, mambo yafafanuliwe mbele ya kanisa.

Zile siku mpaka Jumapili sitaki kuzisimulia. Nilikuwa naamka nikiwa tayari nimekunja ngumi.

Jumapili Mchungaji akaniita mbele. Kanisa lilijaa, hata watu wa Lanet, nje ya mji, walikuja. Nikasimama nikaanza kueleza, na nikaeleza vibaya, kwa sababu hofu ikinishika huwa naongea kama kitabu. Nikasema kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinakula sukari na kutoa hewa. Mzee mmoja akauliza kama hao viumbe ndio wanaotengeneza pombe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mimi ndiye ninayewalisha. Nikasema ndiyo, lakini. Hiyo lakini haikusikika. Nyuma watu walikuwa wameanza kucheka, na Mama Dorika alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa ya mtu aliyefurahi.

Ndipo mama akasimama. Mama hakuwa mtu wa kusema kanisani bila kuombwa. Alisimama pale alipoketi, katika benchi ya kawaida, si ile ya viongozi.

"Huyu hakulewa," akasema. "Mimi ndiye niliyemshika mgongo. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama wa kuku aliyeshikwa, na mlevi haogopi hivyo. Hiyo kazi yake siielewi, na nimewadanganya kwamba alisomea magonjwa kwa sababu niliona haya kusema alisomea hamira. Lakini baba yake alikuja kanisani hapa akinuka mafuta ya treni miaka yote ya kazi yake, na hakuna aliyemwita mbele akaulizwa. Mtu hunuka kazi yake. Nimemaliza."

Akaketi. Mchungaji akatazama kitabu chake cha nyimbo muda mrefu, kisha akasema tusimame tuimbe. Uongozi wa akina mama ulirudi kwake wiki iliyofuata na hakuna aliyesema ulirudije.

Nafasi ile sikuipata. Profesa Winslade alinijulisha kwamba amempa mtu mwingine, na kwamba yale matone machache yalikufa kabla hajafika nayo Nairobi, lakini nikimpelekea mengine, yenye pamba, atayatazama. Nikampelekea. Mwaka uliofuata nikaomba tena pamoja na watu wengine, na safari hiyo nikaitwa, nikaenda nikakaa miaka miwili katika maabara yake, na katika miaka yote miwili hakuwahi kuyataja yale mashuka, ila mara ya kwanza aliponikabidhi meza yangu ya kazi nilikuta juu yake bunda zima la pamba.

Busaa sitengenezi wala sinywi. Lakini nimeapa mambo mawili, na ninyi vijana mnaongojea kuitwa na maprofesa myasikie. Kitu chochote kilicho hai sitakifunga tena kwa kukaza kwa sababu ya kuogopa pua za watu, maana kitatoka tu, na hakitachagua mahali. Na nikiona aibu imemwagika miguuni pa mama yangu, sitasema nimechelewa. Nitabaki pale pale niikaushe, profesa angoje.